Ukuta wa Kimo cha Goti

Nei Aotiba, yaani Bibi Aotiba, alizaliwa upande wa chini wa kijiji chetu cha Naubeti, pale mchanga ulipobonyea kama godoro lililolaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Huko huko akaolewa, akafiwa, akazeeka. Ukitoka kwenye ukumbi wa kijiji ukashika njia ya kwake utadhani unatembea kwenye tambarare tupu. Miguu haioni tofauti. Baiskeli ndiyo inayojua: kwenda kwake unaacha kukanyaga, kurudi unahema.

Huko chini ndiko lilikokuwa shimo lake la babai. Gimbi hili letu si lile dogo la kutia kwenye mchuzi. Jani lake moja linamkinga mtu mvua, na kiazi chake kikiachwa miaka kinakuwa mzigo wa kubebwa na wawili kwa mti begani. Hatulipandi juu ya ardhi, maana ardhi yenyewe ni mchanga na matumbawe. Tunachimba mpaka tuyakute maji matamu, yale yanayoelea juu ya maji ya bahari chini kwa chini, kama mafuta juu ya supu, na humo shimoni ndimo tunamopanda, kila mche na kikapu chake kisicho na kitako, tukiulisha majani yaliyooza. Kila ukoo una majani yake na siku zake za kulisha, na hawaambiani. Marehemu Burentau, baba yake Aotiba, akituona tunapita alikuwa anaacha kazi, anakaa ukingoni, anawasha tumbaku aliyoisokota kwa jani la mkadi, anatuuliza habari za nyumbani, moja baada ya nyingine, hadi tuchoke tuende zetu. Habari za nyumbani wala hakuzitaka. Alitaka twende zetu.

Shimo lilimwangukia Aotiba kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kaka mmoja alichukuliwa na bahari, wa pili akachukuliwa na Australia, ambayo nayo hairudishi sana. Basi pale ukumbini, kwenye mahali pa ukoo wake karibu na nguzo ya upande wa bahari ya ndani, ile iliyokumbatiwa na kisiwa, alikuwa anakaa yeye, mwanamke, peke yake juu ya mkeka mpana uliofumwa kwa ajili ya wanaume sita. Na mahali pale hapakaliwi kwa maneno. Panakaliwa kwa babai. Siku ya karamu kila ukoo unaleta gimbi lake, linawekwa katikati, watu wanaliona. Ukoo usioleta kitu hakuna anayeusema. Wenyewe tu wanakaa kimya, na karamu nyingine wakija mikono mitupu tena wanausogeza mkeka wao nyuma kidogo, na nyingine nyuma tena, mpaka siku moja unawakuta wamekaa nje ya paa na wapishi.

"Hili shimo likiniharibikia," aliwahi kuniambia, "mimi ni mgeni hapa. Nimezaliwa hapa, lakini mgeni."

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla hajatia kitu kingine kinywani, alishuka shimoni akachovya kidole, akaonja maji. Kama ni matamu alipanda akachemsha chai yake. Siku nyingi yalikuwa matamu.

Mwaka ule bamvua la mwezi wa pili, bahari inapojaa kupita kawaida, lilikutana na upepo wa magharibi, maji yakaingia kijijini. Kwetu sisi wa juu yalitulowesha vifundo vya miguu, tukacheka, tukainua mikeka. Nyumba nyingi za katikati yalifika gotini au chini ya goti. Mbili tatu yalifika mapajani. Kwa Nei Aotiba yalimfika kiunoni. Shimo lilipona kwa sababu baba yake alikuwa amelizungushia ukingo wa udongo na matumbawe, na kwa sababu mvua ilinyesha wiki ile ile ikasukuma chumvi chini. Mstari mmoja wa magimbi ulikufa. Iliyobaki ikayumba, ikasimama.

Habari zikafika mji mkuu, na baada ya muda ikaja mashua na mifuko ya simiti, na juu ya mifuko ameketi Tioti, kijana aliyesoma, mtoto wa dada yake mzee Kamoriki. Nikumbuke pia kusema alikuja amevaa viatu vya kufunga kamba. Siku ya tatu alikuwa pekupeku kama sisi. Alikuwa kijana mzuri, anapokea kikombe kwa mikono miwili.

Kazi ilikuwa kujenga ukuta wa ufukweni, mbele ya nyumba zote kumi na sita zinazotazama bahari ya ndani. Simiti ilitosha, lakini haikutosha kuchezea. Ukumbi ukaitwa uamue kimo.

"Simiti ni ya watu wote," akasema mzee Kamoriki, ambaye ndiye anayefungua maneno kwetu, "na ufukwe ni wa watu wote. Huyu akisema kifuani na yule akisema kifundoni, tutabishana mpaka simiti igande kwenye mifuko."

"Si ishawahi kuganda, mzee," akadakia Baraniko. "Ile ya choo cha shule ipo pale mpaka leo, ina umbo la mfuko, kuku wanaifanya kiti."

Watu wakacheka. Baraniko ni mdogo wake marehemu mume wa Aotiba, na mdomo wake hauna mlango.

"Basi tukunje kamba," akasema Kamoriki, na kila mtu akaitikia kwa sauti moja, maana hiyo ndiyo njia yetu na haijawahi kutugombanisha. Mtu wa mbali anaweza asiijue, kwa hiyo niieleze kidogo. Tukitaka kuezeka paa la ukumbi, kila nyumba inaleta makuti ya mkadi kwa kadiri ya uwezo wake. Yanalazwa chini, moja mbele ya jingine, mstari mmoja mrefu. Kamba inavutwa kutoka mwanzo hadi mwisho wa mstari, inakatwa. Halafu inakunjwa katikati, tena katikati, tena, na tena. Mara nne, na hapo kila nyumba kati ya zile kumi na sita imepata kipande chake, sawasawa. Kipande hicho ndicho haki ya nyumba moja. Aliyeleta zaidi anarudishiwa shukrani, aliyeleta pungufu anaongeza safari nyingine. Tunagawa samaki hivyo, tunagawa mbao za jahazi lililovunjika hivyo. Hakuna aliyewahi kuondoka na njaa pale, wala aliyewahi kuondoka ameshiba kuliko mwenzake. Sisi kwetu mtu anayejitokeza juu ya wenzake ni kama mnazi uliopita minazi mingine: upepo unaanza na huo.

Kamoriki akaagiza kila nyumba ikate ufito wa kimo ambacho maji yalifika pale mlangoni kwake, uletwe kesho yake.

Nei Aotiba hakuwa na haja ya kukumbuka. Nguzo ya nyumba yake ilikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Akausimamisha ufito kando ya nguzo, akakata pale pale mstarini, hakuongeza wala hakupunguza. Akaubeba begani, akapanda njia ya ukumbini.

Baraniko alikuwa ameketi kwenye ulingo wake, anakuna nazi.

"Shemeji! Huo ni ufito au mlingoti?"

"Ni maji, shemeji."

"Maji gani hayo? Sisi yetu yalikuja na miguu, yako yalikuja yamepanda farasi?" Akawageukia waliokuwa wanapita na fito zao za kufika gotini. "Jamani mwenzetu anataka ukuta wa kanisa. Tutafute na kengele kabisa."

Wakacheka, na hakukuwa na ubaya katika kicheko kile. Ungekuwepo ungecheka. Lakini Aotiba alitazama fito za wenzake, akatazama wake unavyopita juu ya vichwa vya watu, akaona haya. Aliniambia mwenyewe baadaye: aliona kama amebeba sauti yake mwenyewe imesimama wima, inapiga kelele njia nzima. Alipofika nyuma ya ukumbi, penye mawe ya kupikia, akauweka ufito kwenye goti akauvunja shibiri moja. Kile kipande akakitia kwenye kikapu chake chini ya sindano za kufumia. Akaingia na ufito uliobaki, ukawa bado ni mrefu, lakini mrefu wa heshima.

Fito zikalazwa. Kamba ikavutwa, ikakatwa, ikakunjwa mara nne. Mzee Kamoriki akainuka, akakining'iniza kile kipande kutoka mkononi mwake mpaka chini kwenye sakafu.

"Goti," akasema.

Tioti alikuwa na karatasi yake mfukoni, vipimo vya bamvua vilivyochukuliwa bandarini mji mkuu kwa miaka mingi. Akapima kamba, akatazama karatasi, uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Mjomba, wallahi sijawahi kuona. Wastani wetu sisi na wenu vimepishana vidole viwili tu!"

"Wastani ndiyo nini?"

"Ndiyo huku kukunja kamba, Mjomba. Sisi tunakunja kwa hesabu."

"Ehee! Kumbe mnasomea miaka minne kitu ambacho mama yako alikijua kabla hajaota meno." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Tioti akacheka nao. Nadhani siku ile ilikuwa ya furaha kuliko zote alizowahi kukaa kwetu. Bado alikuwa amechutama kati ya fito, anazitazama. Akaokota mfupi mmoja, wa kwetu sisi wa juu, akaushika kando ya mrefu mmoja.

"Ila Mjomba, hizi zimeachana sana. Huu unalingana na kifundo changu, huu unafika pajani. Hazilingani."

"Ndiyo maana tunakunja kamba, mwanangu. Zingelingana, tungekunja nini?"

Tioti akaziweka chini.

Hapo Nei Aotiba akasema. Alisema kutoka mkekani kwake, bila kuinua macho, na watu wa mwisho wa ukumbi ilibidi waulizane amesemaje. "Wazee wangu, naomba radhi. Kwangu maji yalipita goti. Nilikuwa nauliza kama simiti ya kule juu, ambako maji hayafiki, pengine kidogo yake ingeshuka..."

"Mwanangu Aotiba," akajibu Kamoriki, na kwa kweli alijibu kwa upole, "kwani wao wa juu hawana ufukwe? Tukianza kuondoa kwa huyu tukampa yule, kesho watu watachunguliana vyungu. Wewe ukuta utaupata, sawa na mimi, sawa na Baraniko. Kwenye ukumbi huu hakuna mtoto wa kambo."

"Nimesikia, mzee."

Ukajengwa ukuta. Tulijenga wote, na palipokuwa pa Aotiba tulijenga kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hana mwanamume nyumbani. Ulikuwa ukuta mzuri, ulionyooka, kimo cha goti toka mwanzo hadi mwisho. Kule kwetu juu maji hayajawahi kuugusa hata leo. Tunaanikia samaki juu yake, na jioni vijana wanakaa hapo wakipiga gitaa.

Na kule chini, kwa mwaka na zaidi, ukuta ulifanya kazi. Bamvua zilikuja, za kawaida, zikapiga simiti zikarudi. Aotiba aliziangalia mwanzoni akiwa amesimama, baadaye akiwa amekaa, mwisho wake alikuwa anasikia tu kutoka jikoni na hatoki. "Kumbe wazee walijua," akaniambia. Akapanda upya mstari uliokufa. Akaanza kulikuza gimbi moja pembeni, lile alilolianzisha baba yake, akilipa majani mara mbili ya mengine, kwa ajili ya karamu ya kufungua kanisa jipya. Alikuwa akilitaja kama mtu anavyomtaja binti anayekaribia kuolewa. Sisemi alibweteka. Alitulia tu, kama sisi sote tulivyotulia.

Bahari haijakaa ukumbini nasi. Mwezi wa kwanza uliofuata, alasiri, jua likiwaka na mbingu haina hata wingu, bamvua lilipanda likaukuta upepo wa magharibi tena. Kwa wale wa katikati maji yalifika kwenye mdomo wa ukuta yakatikisika pale pale kama chai iliyojazwa na mtu mwenye roho nzuri, yakakoma. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi. Kule chini yalipita juu ya ukuta kama kwamba haupo. Hayakupiga wala hayakuvunja kitu. Yalipita tu, mapana, kimya, yakateremka kwenye ule ubonyevu, yakapanda ukingo wa Burentau, yakaingia shimoni.

Tulipofika tulimkuta Aotiba ndani ya maji ya kitovuni, amekumbatia mkeka aliojaribu kuzibia ukingo. Mkeka unamwelea mikononi.

Tukangoja maji yapwe. Yakapwa, nje ya ukuta tuliona mchanga unatokea, kaa wanakimbia. Ndani ya ukuta maji yalikuwa pale pale. Yaliingia kwa juu, na sasa hayana pa kutokea. Ule ukuta wetu ulikuwa umeyafungia kama mtu anavyofungia kuku, na kila dakika yakikaa yanazama chini, chumvi inashuka kwenye yale maji matamu.

"Leteni mtaimbo!" Baraniko alipiga kelele. "Leteni mtaimbo, mnatazama nini?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyeuvunja ukuta, anapiga na analia, na tulikuwa tumeujenga vizuri, kwa hiyo haukuvunjika upesi. Maji yalipoanza kutoka jua lilikuwa limeshazama na shimo lilishakunywa.

Asubuhi Aotiba alishuka akachovya kidole. Akatema. Siku zilizofuata alikuwa anaonja na kutema, anaonja na kutema. Mvua haikuja, mwaka ule mawingu yalipita juu yetu yakienda kunyeshea bahari, ambayo haina shida ya maji. Majani ya babai yakaanza kuwa manjano pembeni, kama karatasi iliyokaribia moto, kisha yakainama. Lile gimbi la karamu alilichimba kabla ya wakati ili aokoe hata nusu. Kisu kiliingia kama kwenye sabuni iliyolowa. Lilikuwa limeoza kuanzia kitako.

Tioti alirudi na mashua iliyofuata. Hakuenda kwa mjomba wake kwanza, alishuka moja kwa moja kule chini. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka shelisheli. Alisimama ukingoni, kofia mkononi, kama mtu aliyefika matangani amechelewa.

"Mama, pole."

"Nishapoa. Karibu, mwanangu. Kaa, kuna tembo tamu la mnazi."

Akakaa lakini kikombe hakukigusa. Akauliza maji yalifika wapi safari hii, akaonyeshwa. Akauliza safari ile ya kwanza, akaonyeshwa mstari mweupe nguzoni. Akautazama ule mstari muda mrefu.

"Mama, mbona huu ni mrefu kuliko ufito niliouona ukumbini?"

Ndipo Aotiba akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kikapu. Chini ya sindano kipande kilikuwemo bado. Akakiweka mkononi mwa Tioti.

"Niliuvunja mimi," akasema. "Niliona haya. Naliona lile shimo la baba yangu kila siku na najua ni mimi niliyeliua, kwa mkono huu na goti hili. Ningeleta ufito mzima ukuta ungepanda."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. Na uso wake, Mungu anisamehe, haukuwa wa mtu aliyevunjika kabisa. Alikuwa na kitu amekishikilia.

Tioti alikuwa kijana mwema, nimesema. Na kijana mwema akiona mtu amebeba mzigo usio wake anataka kumtua. Akakata uzi wa urefu wa kile kipande, shibiri moja. Akaukunja katikati. Tena. Tena. Na tena. Mkononi mwake pakabaki kitu cha upana wa kidole chake kidogo.

"Tazama, mama. Hiki ndicho ambacho ukuta ungepanda. Hiki tu. Ungeleta ufito mzima, kamba bado ingekunjwa kwa nyumba kumi na sita. Mrefu mmoja kati ya wafupi kumi na tano hasikiki. Si kosa lako. Wala halijawahi kuwa lako."

Aotiba akautazama ule uzi.

"Sasa kosa liko wapi?"

"Shuleni tulifundishwa vitu viwili," akasema Tioti polepole. "Wastani, ambao ni katikati ya fito zote. Na mtawanyiko, yaani fito zimeachana kiasi gani, wa mwisho yuko mbali kadiri gani na hiyo katikati. Samaki ukigawa, unataka cha kwanza. Maji ukizuia, unataka cha pili, unamtazama yule wa mwisho kabisa. Nilikiona, mama. Nilizishika fito mkononi. Lakini karatasi ya ofisini ina nafasi ya namba moja, na namba yangu na ya wazee zilikuwa zimefanana, nikafurahi."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyekosea."

"Sote tumekosea, mama."

"Ni kitu kile kile." Akamrudishia uzi wake. "Ungeniacha tu, mwanangu. Lingekuwa langu ningejua la kufanya. Ningeleta ufito mzima safari nyingine. Sasa unaniambia hata mzima haufai. Niamke kesho nifanye nini?"

Tioti akafungua mdomo. Akasema kwamba chumvi huisha, kwamba mvua zikinyesha vizuri, kwa wastani miaka miwili au mitatu...

"Kwa wastani," akasema Nei Aotiba. Na akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akajifuta macho na ncha ya kanga. Tioti akanywa tembo lake mpaka kikombe kikaisha, kwa adabu, akaondoka.

Nasikia ripoti ya Naubeti ilisomwa mji mkuu ikasifiwa. Nyumba kumi na sita, ukuta mmoja, shimo lililoharibika ni moja tu. Ukikunja kamba, hasara yetu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuibeba mfukoni. Vijiji vingine vikaambiwa vitufuate, vijenge kama sisi. Tioti aliandika barua kupinga, na alipokuja kumzika mama yake alituambia hakujibiwa. Ukuta pale ulipovunjwa haukuzibwa. Simiti ilishaisha, na ukizibwa kwa kimo kile kile ni wa nini.

Karamu ya kanisa ilifanyika. Aotiba alikuja amevaa nguo nyeupe, amejipaka mafuta ya nazi, akakaa mahali pake mikono mitupu. Babai za koo nyingine zikawekwa katikati. Hatukumsahau, na hilo nataka lieleweke: fungu lake lilikatwa sawa na la kila mtu, hakuna aliyempunja hata utosi wa samaki. Alipokea kwa mikono miwili, akala. Karamu ya pili, ya Pasaka, niliona mkeka wake uko nyuma ya nguzo. Hakuna aliyemwambia. Mzee Kamoriki alimwita asogee mbele, akamwita tena. Akajibu, "Nasikia vizuri hapa hapa, mzee."

Ana binti mmoja, anaishi mji mkuu, naye amemwita akakae naye. Kule wanalala watu tisa chumba kimoja na maji ni ya kununua. Hajakubali, hajakataa. Asubuhi haonji tena maji, anachemsha chai moja kwa moja.

Juzi nilimpitia. Tulikuwa tumekaa ukingoni, miguu inaning'inia juu ya shimo. Maji yalikuwa meusi, na vikapu vya baba yake vimesimama humo vitupu, kila kimoja mahali pake. Baraniko akaja kwa njia ya nyuma, amebeba kapu la makopo matupu na matambara. Akasimama mbali kidogo. Siku hizi hatanii tena akifika pale.

"Shemeji," akasema. "Mke wangu anauliza... yaani kule kwetu hatuna pa kuchimba tena, na mbwa wanatawanya taka. Anauliza kama, kwa kuwa hapa sasa..." Akaliinua kapu kidogo.

Nei Aotiba alilitazama kapu, akalitazama shimo. Akasogeza miguu yake upande, apate kupita.